Wanaosoma Faili Mara ya Pili

Glukosi ya asilimia 50 haidungwi ovyo. Inachoma mshipa, na muuguzi akiifuata kabatini saa tisa usiku, ujue kuna mgonjwa ambaye sukari yake imeshuka mpaka anatiririka jasho na kusema maneno yasiyoshikamana. Akishadungwa, akazinduka na kuomba chai, wodi nzima inapumua. Muuguzi anaandika kwenye chati: dawa, kiasi, saa. Asubuhi daktari anapunguza insulini. Siku chache baadaye mgonjwa anaruhusiwa kwenda nyumbani, na fomu ya kumruhusu inasema alilazwa kwa kisukari, ametoka akiwa na nafuu.

Hakuna aliyesema uongo hapo. Lakini mtu huyo alikaribia kufa kwa dawa aliyopewa na hospitali, na katika faili yake hakuna sentensi hata moja inayolitaja jambo hilo. Kilichobaki ni mstari wa glukosi, katikati ya mistari mingine mia.

Ufundi ninaousifu hapa ni wa watu wanaoutafuta mstari huo. Hawana cheo kimoja. Penginepo ni mfamasia, penginepo muuguzi anayesimamia uzuiaji wa maambukizi, penginepo afisa wa rekodi za afya aliyeketi na kompyuta katika chumba kilichojaa mafaili mpaka darini. Kazi yao ni kusoma upya kumbukumbu za wagonjwa waliokwisha kutibiwa. Hawazisomi kwa ajili ya bili wala ripoti ya wizara. Wanataka kujua ni wapi hospitali ilimuumiza mtu iliyekusudia kumponya.

Wazo hili lilikomaa Salt Lake City, Marekani, katika hospitali ya LDS, iliyokuwa na rekodi za kompyuta mapema kuliko nyingi duniani. David Classen na wenzake hawakuiambia kompyuta itafute madhara, maana walijua hakuna aliyeyaandika. Waliiambia itafute tiba ya madhara: naloksoni, inayomzindua mtu aliyezidiwa na morfini, vitamini K, anayopewa mtu ambaye dawa ya kuzuia damu kuganda imempita kiasi, dawa ya mzio iliyoandikwa ghafla, kipimo cha maabara kinachoonyesha dawa imejaa kwenye damu kupita kiwango. Kila jina lililojitokeza lilifuatiliwa na mtu wa kulihakiki. Matokeo yao ya mwaka 1991 yalihusu wagonjwa 36,653 waliofuatiliwa kwa miezi 18. Visa vya watu walioumizwa na dawa vilivyothibitishwa vilikuwa 731. Vile ambavyo madaktari, wauguzi na wafamasia waliripoti kwa hiari yao vilikuwa 92.

Sidhani kama kuna hesabu inayoieleza hospitali vizuri kuliko hiyo. Mtu wa haraka ataisoma kama hesabu ya watu wanaoficha makosa. Mimi naisoma vingine. Muuguzi aliyemzindua mgonjwa saa tisa usiku haoni kwamba ameshuhudia tukio la kuripotiwa. Anaona ameokoa mtu, na bado ana wagonjwa thelathini. Mwaka 2011 Classen alirudi na kikundi kingine, wakasoma mafaili 795 ya hospitali tatu. Walipata visa 393 vya madhara. Mfumo wa kuripoti kwa hiari ulikuwa umevinasa vinne.

Kwetu pia mafaili yamewahi kusomwa hivyo. Shirika la Afya Duniani liliongoza utafiti katika nchi nane za Afrika na Mashariki ya Kati, Kenya ikiwemo. Wauguzi walipitia mafaili wakiwa na orodha ya vidokezo mkononi, yaani alama kama ule mstari wa glukosi, kisha madaktari wakasoma kwa kina yale yaliyotengwa. Hospitali zilikuwa 26, mafaili 15,548. Ripoti ilitoka mwaka 2012: katika kila wagonjwa 100, takriban wanane waliumizwa na huduma yenyewe, na sehemu kubwa ya madhara hayo, asilimia 83, yangeweza kuzuilika. Katika visa vitatu kati ya kumi hivi, mgonjwa alifariki. Kazi hiyo yote ilifanywa kwa kufunua karatasi.

Ndiyo maana napenda kuutazama ufundi huu kutokea Machakos, mahali ambapo karatasi na kompyuta zimeishi pamoja muda mrefu bila moja kuifukuza nyingine. Hospitali ya Machakos Level 5 ndiyo ya rufaa ya kaunti; inapokea watu wa mjini na wa kutoka Masinga, Mwala na Yatta. Katika hospitali nyingi za kaunti, kompyuta haikuanzia kitandani kwa mgonjwa. Ilianzia dirisha la malipo, ikaenda famasi, ikaenda maabara, na wodini ikachelewa kufika. Chati ya matibabu imebaki kuwa karatasi inayoning'inia miguuni pa kitanda, yenye mwandiko wa watu watano wa zamu tofauti.

Mwaka 2013 taasisi ya KEMRI-Wellcome Trust, Wizara ya Afya na Chama cha Madaktari wa Watoto Kenya walianzisha mtandao wa taarifa za wodi za watoto, unaojulikana kwa kifupi kama CIN. Ulianza na hospitali 14, na Machakos ni mojawapo ya hospitali zake. Mpango wenyewe ni wa watu wanaoijua hali halisi. Hawakungoja kila wodi ipate kompyuta. Mtoto akisharuhusiwa au akifariki, faili yake inapelekwa kwa karani, naye anaihamisha kwenye kompyuta kisanduku kwa kisanduku, bila jina la mtoto: umri, uzito, homa, kikohozi, kifua kuingia ndani anapovuta pumzi, weupe wa viganja, dawa, kiasi, mara ngapi kwa siku, alitokaje. Jioni programu inapitia yaliyoingizwa siku hiyo na kumrudishia karani yasiyoingia akilini. Mtoto wa miezi sita mwenye kilo 60. Mtoto aliyeruhusiwa siku moja kabla ya kulazwa. Karani anafungua faili tena, anatazama: ilikuwa 6.0, nukta haikuonekana. Anarekebisha. Mara kwa mara mtu mwingine anachukua baadhi ya mafaili yaleyale na kuyaingiza upya kana kwamba hayajawahi kuguswa, ili ionekane kama macho mawili yanasoma kitu kimoja.

Kazi hii haina mtu wa kuipigia makofi. Karani akiifanya vizuri, hakuna kinachoonekana. Lakini bila yeye hakuna swali la maana linaloweza kuulizwa juu ya wodi ile, na nitatoa mfano mmoja kwa urefu kwa sababu ndani yake ufundi wote upo.

Gentamaisini ni dawa ya kila siku katika wodi ya watoto wachanga, nao watoto hao waliingizwa kwenye mtandao baadaye. Inaua vijidudu vinavyoua watoto. Ikizidi, inaharibu figo na masikio. Mwongozo wa Kenya wa kutibu watoto, kile kijitabu kinachokaa kwenye mfuko wa koti la daktari, umempangia mtoto wa wiki ya kwanza miligramu 3 kwa kila kilo kama hajafika kilo 2, na miligramu 5 kama amefika. Akishavuka wiki hiyo ni 7.5. Sasa chukua mtoto wa siku tatu mwenye kilo 1.8. Kiasi chake ni miligramu 5.4. Daktari wa mafunzo aliyechoka akisoma mstari wa chini yake, ni 9. Akisoma wa watoto wakubwa, ni 13.5. Nukta ikipotea, ni 54. Na hata akiandika 5.4 sawasawa, kuna muuguzi anayeshika kichupa chenye miligramu 80 ndani ya mililita 2. Anatakiwa kuvuta mililita 0.135, kwenye bomba la sindano ambalo vistari vyake vinahitaji jicho la kijana na taa inayowaka.

Sheria ya kompyuta ya kulinasa kosa hili ni fupi: gawa kiasi kwa uzito, linganisha na umri, na kikizidi kwa zaidi ya moja ya tano, nitolee faili hiyo. Mtoto wa darasa la sita angeifanya hesabu hiyo. Ugumu uko kwingine. Uzito ukikosekana, sheria nzima inalala. Ukiandikwa uzito wa kuzaliwa badala ya uzito wa leo, sheria inatoa jibu la mtoto mwingine. Ukikadiriwa kwa macho usiku wa manane kwa sababu mizani ya wodi imeazimwa wodi ya pili, namba inakaa kwenye kisanduku ikiwa safi kama nyingine zote. Fundi wa kazi hii, kabla ya kuuliza juu ya dawa, anauliza nani alipima na kwa mizani gani. Nimewasikia watu wa rekodi wakibishana juu ya mizani kwa muda ambao wengine wangebishana juu ya siasa za kaunti, na nikawaona wana haki.

Mwandishi wa vidokezo naye ana kazi inayofanana na kupepeta pojo: upepo ukiwa mdogo makapi yanabaki, ukizidi na pojo zinaruka. Rudi kwenye glukosi ya asilimia 50. Ukiiamuru kompyuta ikupe kila aliyedungwa, utapata mgonjwa wa kisukari tuliyeanza naye, na pamoja naye mtoto aliyeletwa na malaria kali sukari ikiwa imekwisha tangu nyumbani, na mzee aliyekunywa pombe ya kaluvu tumbo tupu akaokotwa kando ya barabara. Hao wawili hawakuumizwa na hospitali. Basi unaongeza sharti: apewe glukosi baada ya saa 24 tangu alazwe. Makapi yanapungua sana. Lakini umemwacha pia mtu aliyedungwa insulini kimakosa pale mapokezi katika saa yake ya kwanza. Unaongeza: au awe amepewa insulini au kwinini kabla ya sukari kushuka. Umempata tena, ila sasa sheria inategemea saa kuandikwa, na saa ndicho kisanduku kinachorukwa kuliko vyote. Mwandishi mzuri wa vidokezo anajua ni nani anayemwacha nje kwa kila sharti analoongeza, na ameandika pembeni kwa nini amekubali kumwacha.

Kidokezo kikishapiga kengele, ndipo msomaji anaingia. Utaratibu maarufu zaidi, uliosambazwa na Taasisi ya Uboreshaji wa Huduma za Afya ya Marekani, unataka mafaili kumi kila wiki mbili, yasomwe na watu wawili kila mmoja peke yake, na kila faili isizidi dakika 20. Mimi mwanzoni nilizidharau dakika hizo. Sasa naziona kuwa ndiyo akili ya utaratibu wenyewe. Msomaji asiye na mpaka wa muda anaanza kusoma hadithi, anamhurumia huyu na kumkasirikia yule, anasahau alichotumwa. Mwenye dakika 20 anakwenda moja kwa moja: muhtasari wa kuruhusiwa, dawa, maabara, chati ya upasuaji, maandishi ya wauguzi. Akikuta kitu, haulizi ni nani aliyekosea. Anauliza kama mwili wa mgonjwa uliumia kutokana na huduma, na uliumia kiasi gani. Kuna ngazi ya herufi: E ni madhara ya muda yaliyohitaji tiba, F ni yaliyomrefushia mtu kukaa hospitalini, na ngazi inapanda hivyo mpaka I, ambayo ni kifo. Wasomaji wakitofautiana, daktari anaamua.

Hapo ndipo uzoefu unapojitofautisha na kompyuta. Kompyuta ikikuta joto 36.5, mapigo 80 na pumzi 20, inaona mgonjwa mzima. Msomaji aliyewahi kushika zamu ya usiku anaona pumzi 20 kwa huyu, 20 kwa jirani yake, 20 kwa kitanda cha dirishani, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili, na anajua usiku huo hakuna aliyehesabu pumzi za mtu. Anaona kalamu moja ya wino mmoja kwenye safu nzima. Anaona pengo kati ya saa nne usiku na alfajiri, na mgonjwa aliyekutwa amekufa alfajiri. Mambo ambayo hayakuandikwa hayapigi kengele, na visa vingi vibaya kuliko vyote vimo humo. Kuna vikundi vimeanza kuifundisha kompyuta kuyaogopa mapengo, na namba zinazojirudia mno. Ni werevu ninaoupenda, ingawa nashuku kwamba wauguzi watabuni pumzi 18 na 22 kabla ya mwaka kwisha kama hawataongezwa mikono.

Ukanda wa Machakos una historia yake ya kusoma mafaili kwa pamoja. Kati ya Machi na Juni 1981, wagonjwa 20 wenye homa ya ini walilazwa katika hospitali tatu za wilaya ya Machakos ya wakati huo, 12 walifariki. Kila mmoja peke yake angeweza kupita kama mgonjwa wa ini. Walipowekwa pamoja, swali likahamia kwenye mahindi waliyokula, nayo yakakutwa na aflatoksini. Mwaka 2004 balaa lilirudi Ukambani na maeneo jirani kwa ukubwa zaidi: visa 317 na vifo 125 kufikia Julai. Hayo hayakuwa madhara ya hospitali. Jicho, hata hivyo, ni lilelile: mtu anayekataa kuufunga ukurasa wa mgonjwa mmoja mpaka atazame wa mwenzake.

Na mara nyingine kinachogunduliwa hivyo ni kosa lililo juu ya hospitali zote, ndani ya mwongozo wenyewe. Shirika la Afya Duniani lilipolegeza uainishaji wa nimonia ya watoto, mtoto ambaye kifua chake kinaingia ndani anapopumua alihamishwa kutoka kundi la wagonjwa mahututi hadi kundi linaloweza kupewa vidonge na kurudi nyumbani. Ambrose Agweyu na wenzake waliyatazama mafaili ya CIN, watoto zaidi ya 16,000 wa nimonia katika hospitali 14, wakauliza ni wangapi kati ya waliofariki wangehesabiwa kwa mwongozo mpya kuwa si wagonjwa mahututi. Walikuwa zaidi ya 300. Kati ya dalili zilizowatenga wenye hatari kulikuwa na weupe wa mwili unaotokana na upungufu wa damu, na uzito mdogo mno kwa umri. Hivyo ni visanduku viwili vya fomu ya kulaza, ambavyo mtabibu anaweza kuvijaza au kuviruka. Utafiti ulichapishwa mwaka 2018, na chini yake kuna makarani wote wale wanaorudishiwa kilo 60 jioni.

Watu wa kazi hii hupenda kufanya mambo yao kimya, na nadhani wana sababu. Mwaka 2018 huohuo taifa zima lilijua kwamba mgonjwa alipasuliwa kichwa katika Hospitali ya Kenyatta kwa kuchanganywa na mwingine. Kisa cha namna hiyo hakihitaji mtu wa kukitafuta. Kinapiga kelele chenyewe, na kinaishia kwa watu kusimamishwa kazi. Lakini siku kidokezo cha glukosi kitakapotumika kumsimamisha muuguzi kazi, glukosi itaendelea kudungwa na mstari wake utakoma kuandikwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na ile ya Afya ya Kidijitali ya 2023 zimeeleza mengi juu ya siri ya mgonjwa. Siri ya aliyeandika kwa uaminifu bado inategemea tabia ya mkuu wa hospitali.

Kinachowakwaza zaidi mafundi hawa kwa sasa ni umbali. Mtoto aliyepewa gentamaisini iliyozidi hatajulikana kuwa haisikii sauti ya mama mpaka apite miezi, na wakati huo ataonwa kwingine, na mtu mwingine, kwa faili nyingine. Mama aliyejifungua kwa upasuaji mjini na kidonda kikaanza kutoa usaha siku ya tisa hatapanda matatu kurudi alikoshonwa. Atakwenda zahanati ya karibu na kwao, pengine nje kidogo ya Kathiani, atasafishwa, atapewa antibayotiki, na hospitali iliyompasua itaendelea kuamini vidonda vyake vyote vinapona. Kumbukumbu pekee inayofika pande zote mbili ni kile kijitabu cha mama na mtoto alichonacho mkobani, na hicho hakuna karani anayekiingiza popote.

Sheria ya kulinasa jambo hilo mtu anaweza kuiandika leo kabla ya chai ya saa nne: mwanamke yeyote aliyejifungua kwa upasuaji, ambaye ndani ya siku 30 ameandikiwa antibayotiki au kusafishwa kidonda mahali popote ndani ya kaunti, nitolee faili yake niisome. Inachohitaji ni nambari moja ya mgonjwa inayokubalika mjini na Kathiani, na mtu wa zahanati mwenye nafasi ya kuiuliza.